Nebula ya sayari haina sayari, na Jua halitalipuka

Ile picha imerudi tena. Safari hii imenifikia kupitia kundi la WhatsApp la ukoo, imetumwa na shangazi saa kumi na moja alfajiri, na chini yake maandishi: "Hili ni JICHO LA MUNGU. Hutokea mara moja tu kila miaka 3,000. Watumie watu 10." Ukiliangalia ni jicho kweli: mboni ya buluu katikati, kope nyekundu pembeni, weusi wa anga nyuma yake. Kabla sijanawa uso, binamu mmoja alikwisha jibu kwamba hiyo ni nyota iliyolipuka. Mwingine akaongeza kwamba Jua letu nalo litalipuka hivyo hivyo. Wa tatu akasema ameona kwenye intaneti kuwa inaitwa nebula ya sayari, kwa hiyo bila shaka ni sayari mpya imegunduliwa.

Huyu wa tatu ndiye niliyemwonea huruma, maana amepotoshwa na wataalamu wenyewe. Jina alilolisoma ni sahihi. Kinachokosekana ni sayari.

Tuyaweke maneno sawa kwanza. Nyota ni tufe kubwa la gesi linalotoa nuru yake lenyewe. Jua ni nyota, tena ya kadiri tu. Sayari huizunguka nyota na nuru yake ni ya kuazima. Kiswahili chetu nacho kina lawama kidogo hapa, kwa sababu Zuhura tunaiita nyota ya alfajiri ilhali ni sayari. Nebula ni wingu la gesi na vumbi lililoko kati ya nyota. Neno lenyewe ni la Kilatini na maana yake ni ukungu. Ziko nebula ambamo nyota huzaliwa, na ziko zinazoachwa na nyota zinazokufa. Jicho la shangazi ni la kundi hili la pili. Ni gesi iliyotoka kwenye nyota ya aina ya Jua ilipofika ukingoni mwa maisha yake.

Basi sayari iliingiaje? William Herschel, mwanamuziki kutoka Ujerumani aliyehamia Uingereza na kunogewa na darubini, aligundua sayari ya Uranus mwaka 1781. Jicho lake lilikuwa limeshazoea kile kisahani kidogo chenye rangi ya kijani iliyopauka. Miaka hiyo hiyo ya 1780 akawa anakutana na visahani vingine vya namna hiyo, vidogo, vya duara, vya kijani-buluu, ila havihami kama sayari inavyohama. Akaviita nebula za sayari kwa kufanana tu. Mwaka 1790 aliona kimoja chenye nyota katikati kabisa, akatambua kuwa lile wingu na ile nyota ni vitu vya nyumba moja. Lakini jina lilikuwa limeshakaa, na jina la utani likishakaa unalijua lilivyo.

Kwamba ni gesi tupu kulithibitishwa Agosti 1864, pale Mwingereza William Huggins alipoipitisha nuru ya nebula moja ya kaskazini kwenye kifaa kinachoichanua nuru kama upinde wa mvua. Nuru ya nyota huchanuka rangi zote. Hii ilitoa mistari michache tu, na huo ndio muhuri wa gesi moto iliyo nyembamba. Mstari mmoja wa kijani haukufanana na wa kitu chochote kilichojulikana duniani, watu wakadhani ni elementi mpya, wakaipa na jina: nebuliamu. Ilichukua hadi mwaka 1927 kwa Mmarekani Ira Bowen kuonyesha kuwa ni oksijeni ya kawaida, ambayo kila atomu yake imepoteza elektroni mbili (elektroni ni zile chembe ndogo za umeme zinazokizunguka kiini cha atomu), ikiwa katika hali ya wembamba ambao maabara za wakati ule hazikuweza kuuiga. Oksijeni hii hii tunayoivuta.

Ili kujua wingu hilo limetokaje kwenye nyota, inabidi turudi kwa Jua na kuuliza swali ambalo watoto huliuliza na wakubwa huliruka: kwa nini Jua halijiangukii lenyewe? Uzito wake ni wa ajabu, na kila chembe yake inavutwa kuelekea katikati. Fikiria tairi la daladala. Uzito wa gari, abiria na magunia ya mkaa vinaligandamiza. Hewa iliyo ndani inakataa. Gari linatembea kwa sababu pande mbili zimetoshana nguvu. Ndani ya Jua, kazi ya hewa hiyo hufanywa na joto. Katikati kabisa, kwenye nyuzi milioni 15 hivi, hidrojeni huungana na kuwa heliamu, na muungano huo hutoa nishati. Si moto wa kuni. Hauhitaji hewa wala hautoi moshi. Kila sekunde hidrojeni tani milioni 600 hivi hugeuzwa, na katika hizo tani milioni 4 hutoweka kama maada na kuwa nishati. Ni malori zaidi ya 130,000 ya tani thelathini thelathini, kwa sekunde.

Hesabu inatisha mpaka ukumbuke ukubwa wa ghala. Jua lina miaka bilioni 4.6 na akiba yake inatosha kwa miaka bilioni 5 hivi zaidi.

Tatizo ni majivu. Anayepikia jiko la mkaa anajua kinachotokea usipolikung'uta: majivu hujaa katikati na moto uliobaki huhamia pembeni. Heliamu ndiyo majivu ya Jua, inajilimbikiza kwenye kiini, na siku itafika kiini chote kitakuwa heliamu isiyoweza kuwaka kwa joto lililopo. Hapa ndipo wengi hupotea, kwa sababu akili ya jikoni inasema mafuta yakiisha moto hupoa. Kwa nyota mambo huenda kinyume. Kiini kikikosa kinachokitegemeza, uzito hukikamua. Kikikamuliwa hupata joto zaidi, kama pampu ya baiskeli inavyopata moto ukiisukuma kwa nguvu. Joto hilo huiwasha hidrojeni iliyoko kwenye ganda linalokizunguka, na ganda huwaka kwa ukali kuliko kiini kilivyowahi kuwaka. Tabaka za juu husukumwa nje. Nyota inavimba, halafu inavimba tena. Nishati ni nyingi ila imetandazwa juu ya uso mpana mno, kwa hiyo uso wenyewe unapoa na kuwa mwekundu.

Ndiyo, mwekundu ni wa baridi zaidi. Stika za bomba la bafuni zimetufundisha kuwa nyekundu ni moto na buluu ni baridi, lakini muulize mhunzi: chuma huanza kuwa chekundu, kikizidi joto huwa cha njano, kikizidi tena huelekea weupe. Nyota ni vivyo hivyo, na zenye joto kuliko zote ni za buluu.

Nyota iliyovimba hivyo huitwa jitu jekundu. Jua likifika kileleni litakuwa na upana zaidi ya mara 200 ya ulio nao leo. Utaridi na Zuhura zitamezwa. Dunia ndiyo yenye ubishi. Jua litakuwa limepoteza sehemu ya uzito wake, kwa hiyo litaishika Dunia kwa ulegevu na njia yetu itapanuka. Upande wa pili, gesi iliyovimba na mvutano wake vitaikokota Dunia ndani. Mwaka 2008 Klaus-Peter Schröder na Robert Smith walipiga hesabu na kupata kwamba tutamezwa. Mimi hainisumbui, kwa sababu kuna jambo linalotangulia: Jua linazidi kung'aa kwa kama asilimia 10 kila miaka bilioni moja, na katika muda wa kama miaka bilioni moja tu ijayo bahari zitakuwa mashakani. Kubishana kuhusu kumezwa ni kubishania paa la nyumba iliyokwisha hamwa.

Ndani ya jitu, kiini kinaendelea kukamuliwa hadi nyuzi kama milioni 100, hapo yale majivu yenyewe yanashika moto. Heliamu huungana kuwa kaboni na oksijeni. Nyota hutulia kwa muda, miaka milioni 100 hivi, kisha mchezo unarudi: kiini kinajaa majivu mapya, moto unahamia kwenye maganda, nyota inavimba mara ya pili. Safari hii inatweta. Inavimba na kunywea, moto wa ndani unawaka kwa vishindo, na vishindo hivyo vinakoroga tabaka zote. Tunajua vinakoroga kwa sababu mwaka 1952 Paul Merrill alikuta dalili za teknetiamu kwenye nyota za aina hii. Teknetiamu ni elementi isiyodumu. Huchakaa yote ndani ya muda mfupi sana ukilinganisha na umri wa nyota. Kuikuta juu ya uso maana yake imepikwa humo humo, juzi tu kwa kalenda ya nyota, ikapanda. (Hospitali hutumia aina moja ya elementi hiyo hiyo kupiga picha za mifupa na moyo, ila ya hospitali hutengenezwa na binadamu.)

Sasa tumefika kwenye lile binamu aliloliita mlipuko. Tabaka za nje za jitu ziko mbali mno na kiini, hazishikiliwi sawasawa. Kule nje ni baridi kiasi kwamba kaboni huganda kuwa chembe za vumbi, mfano wa masizi kwenye kioo cha chemli. Nuru kali ya nyota huyasukuma masizi hayo, nayo huikokota gesi. Nyota inavuja. Ni uji unaochemka na kumwagika pembezoni mwa sufuria, kidogo kidogo, kwa makumi ya maelfu ya miaka na zaidi, mpaka kama nusu ya uzito wote imekwenda. Hakuna mshindo wala nyota kupasuka.

Kinachobaki ni kiini kitupu, kidogo, chenye joto la nyuzi 100,000 na zaidi. Kiini hicho hutoa mionzi mingi ya urujuanimno, nuru ambayo macho yetu hayaioni. Umeshaona ile taa ndogo ya zambarau ambayo wenye maduka na mawakala wa fedha wanamulikia noti? Noti ya kawaida ikiwekwa chini yake, nyuzi na alama ambazo hazikuonekana zinawaka ghafla. Taa yenyewe huoni ikitoa mwanga wa maana. Alama ndizo zinazopokea mionzi usiyoiona na kuitoa tena kama nuru unayoiona. Nebula ya sayari ni noti hiyo. Gesi iliyotoka zamani ilikuwa gizani. Kiini kilipofunuka, ikawaka: oksijeni kwa kijani-buluu, hidrojeni na naitrojeni kwa wekundu. Ndiyo maana mboni ya jicho la shangazi ni ya buluu na kope ni nyekundu.

Na haikai. Gesi inakimbia nje kwa kilomita 20 hadi 30 kwa sekunde, mwendo wa kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro kabla hujahesabu kumi, huku kiini kikizidi kufifia. Baada ya miaka 10,000 hadi 20,000 wingu limetawanyika na taa imefifia. Kwetu ni muda mrefu. Lakini kama maisha yote ya Jua yangebanwa yakawa miaka 70 ya mtu, nebula yake ingedumu kama saa moja. Kwenye galaksi yetu nzima, yaani mkusanyiko mkubwa wa nyota ambamo Jua limo, wenye nyota zaidi ya bilioni mia moja, zinazojulikana ni elfu chache tu, na sababu ni hiyo: ukichungulia ndani ya mji mzima kwa dakika moja, utawakuta wangapi wakiwa katika saa yao ya mwisho?

Hapo nikamrudia shangazi. Nilimpigia, maana mambo haya hayaandikiki kwenye simu.

"Kwa hiyo picha ni ya uongo?" akaniuliza.

"Hapana shangazi, picha ni ya kweli. Maelezo ndiyo ya uongo."

Picha ile ilitolewa mwaka 2003, ikiwa imeunganishwa kutoka darubini ya anga ya Hubble na darubini ya Kitt Peak kule Arizona, Marekani. Kitu chenyewe kinaitwa Nebula ya Helix, kiko umbali wa kama miaka 650 ya nuru, yaani nuru iliyopigwa picha ilianza safari enzi za Kilwa inastawi kwa biashara ya dhahabu. Hakitokei kila miaka 3,000. Kipo pale kila usiku wa msimu wake, katika kundinyota la Ndoo, na jioni za mwezi Oktoba hupita karibu na utosi wetu huku kusini mwa Ikweta. Mwenye darubini ndogo ya mkononi na anga lenye giza la kweli, mbali na taa za mji, anaweza kukiona, ila ajiandae: ataona doa la kijivu tu. Jicho la mtu halikusanyi nuru kwa saa nzima kama kamera.

Jambo hilo la rangi huwafanya wengine waseme picha zote hizi ni za kompyuta. Tarehe 12 Julai 2022 darubini ya James Webb ilitoa picha zake za kwanza, na mojawapo ilikuwa nebula ya sayari iliyoko anga ya kusini, katika kundinyota la Tanga. Webb huona zaidi nuru ya joto, isiyoonekana kwa macho, kwa hiyo rangi zake huchaguliwa: nuru ya aina hii ipewe buluu, ya aina ile nyekundu. Picha ya eksirei nayo haina rangi ya mfupa wako, na hakuna anayesema daktari ameuchora. Webb ilionyesha jambo ambalo mimi lilinivutia kuliko rangi. Katikati ya ile nebula kuna nyota mbili. Inayong'aa, ambayo jicho huikimbilia, siyo iliyomwaga gesi. Iliyomwaga gesi ni ile hafifu pembeni yake, na Webb iliikuta imejifunika vumbi. Nyota mwenza huzunguka na kuikoroga gesi, na wanaastronomia wengi wanadhani ndiyo sababu nebula nyingi si za duara bali zina umbo la pipa, kipepeo au glasi ya saa. Hata ile pete maarufu katika kundinyota la Kinubi inaonekana kuwa pete kwa sababu tunaitazama kupitia tundu lake.

Jua halina mwenza. Je, litaacha nebula nzuri? Kwa muda mrefu jibu lilikuwa la mashaka, kwa kuwa hesabu zilionyesha nyota nyepesi kama Jua hupata joto polepole mno, na kiini kinapokuwa tayari kuwasha gesi, gesi imeshaondoka. Utafiti wa mwaka 2018 ulisogeza jibu: viini hupata joto haraka kuliko ilivyodhaniwa, na Jua liko karibu na mpaka wa chini kabisa wa nyota zinazoweza. Litaacha nebula inayoonekana, lakini hafifu. Hatutakuwa na picha ya kutumiwa watu 10.

Kiini kinachobaki, baada ya wingu kutoweka, huitwa kibete cheupe. Kina uzito wa kama nusu ya Jua uliobanwa ndani ya tufe la ukubwa wa Dunia. Kijiko cha chai cha maada yake kina uzito wa tani kadhaa, ndovu dume mzima. Hakiwaki tena, ni kaa lililobaki jikoni usiku, linang'aa kwa joto la zamani na kupoa kwa mabilioni ya miaka. Basi kama hakuna moto, nini kinakizuia kuanguka? Turudi kwenye daladala, safari hii ndani. Konda anasema songeeni, songeeni, watu wanasongea, mpaka inafika hatua hakuna pa kuweka hata unyayo. Anayekataa kusogea hapo hakatai kwa nguvu zake, nafasi imekwisha. Elektroni ndani ya kibete cheupe zimefikia hali hiyo, na ukaidi huo hautegemei joto, kwa hiyo hata kikipoa kabisa hakianguki.

Konda mwenye nguvu kupita kiasi, yaani uzito mkubwa mno, anaweza kuuvunja ukaidi huo. Mwaka 1930, kijana wa miaka 19 aitwaye Subrahmanyan Chandrasekhar, akiwa melini kutoka India kwenda kusoma Uingereza, alipiga hesabu iliyoonyesha kwamba ukaidi wa elektroni una kikomo. Leo tunakiweka kwenye uzito wa kama mara 1.4 ya Jua. Wakubwa walimbeza, Nobel ilimfikia mwaka 1983. Kiini cha Jua hakikaribii kikomo hicho. Kwa hiyo Jua haliwezi kuwa shimo jeusi, ambalo hata nuru haiponyoki, wala nyota ya nyutroni, iliyobanwa kuliko kibete cheupe, wala kulipuka kama supanova, ule mlipuko wa nyota nzito inapokufa. Kazi hizo ni za nyota zinazozaliwa na uzito wa kama mara nane ya Jua na kuendelea, na kuhusu ndugu hao wazito pwani yetu ina historia yake: setilaiti ya Uhuru, ya kwanza kutengenezwa mahususi kwa kuchunguza eksirei za angani, ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco karibu na Malindi tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya Jamhuri, na vipimo vyake vilisaidia kukitambua chanzo cha eksirei kiitwacho Cygnus X-1 kuwa shimo jeusi. Mwisho wa 2019, nyota nyekundu Ibuti la Jauza (Betelgeuse kwa Kiingereza) ilipofifia ghafla, magazeti yalisema inakaribia kulipuka. Ilikuwa vumbi. Italipuka kweli siku moja, lakini hiyo ina uzito wa zaidi ya majua kumi. Isituletee hofu kwa Jua letu dogo.

Kibete cheupe huhitaji kwenda mbali kukitafuta. Kuanzia Januari hadi Aprili, jioni giza likiingia, angalia nyota inayong'aa kuliko zote, ile ambayo mabaharia waliiita Shira (Sirius kwa Kiingereza). Ina mwenzake, aliyeonwa mara ya kwanza Januari 1862 na Mmarekani Alvan Graham Clark alipokuwa akijaribu darubini mpya. Mwenzake huyo ndiye aliyekuwa mkubwa wa nyumba. Kwa kuwa nyota nzito hula akiba yake haraka, alitangulia kuvimba na kumwaga gesi yake, zaidi ya miaka milioni 100 iliyopita, na sasa ni kibete kinachopitwa na Shira kwa kung'aa mara elfu kumi hivi. Darubini ya mkononi haikionyeshi. Mng'ao wa Shira unakimeza. Na wingu lake, kama liliwahi kuwaka, hakuna hata ukungu wake uliobaki.